Maswali ya wasomaji: Ripota kashtakiwa kwa kashfa, tumwigizeje?

Barua za kusini safari hii zimeongozana. Kuna kikundi cha Mtwara mjini na kingine cha Lindi, wote wanaandaa igizo la mahakamani kuhusu mwandishi wa habari aliyeshtakiwa kwa kuchafua jina la mtu, na wanauliza vitu vinavyokaribiana, kwa hiyo ukurasa mzima nimewapa wao. Walioniandikia mambo mengine naomba wanivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo mama. Sisi ni kikundi cha maigizo cha mtaani, tuko watu wazima na vijana wa sekondari. Stori yetu ni hivi, ripota anaandika gazetini kwamba mwenyekiti wa AMCOS fulani, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kala hela za wakulima wa korosho, mwenyekiti anasema kachafuliwa jina anaenda mahakamani. Tumeanza na polisi wanamkamata ripota usiku, anatiwa pingu, anapandishwa kizimbani, mwisho anashinda na wananchi wanashangilia. Sasa mwenzetu mmoja aliwahi kuwa karani wa mahakama anasema tumekosea karibu kila kitu. Nani yuko sahihi?
*Mwalimu, Chikongola, Mtwara*

Marahaba mwalimu. Hongereni kwanza kwa kuchagua jambo gumu. Karani wenu yuko sahihi kwa sehemu kubwa na msimkasirikie, mtu kama huyo kwenye kikundi ni mali.

Mtu akichafuliwa jina gazetini akaenda mahakamani kudai haki yake, hiyo ni kesi ya madai. Hakuna polisi, hakuna pingu, hakuna kulala rumande, na hakuna mtu anaitwa mshtakiwa. Kuna mdai, ambaye ni mwenyekiti, na kuna wadaiwa, na hapo andikeni wadaiwa kwa wingi maana mara nyingi ripota haburuzwi peke yake, mhariri anaunganishwa na mwenye gazeti anaunganishwa, na hao watatu wakikaa benchi moja tayari mna mchezo kwa sababu kila mmoja ana lake, mwenye gazeti anataka yaishe haraka asije akauza mtambo, mhariri anataka ionekane alimbana ripota kwa maswali yote kabla ya kuchapa, na ripota mwenyewe anaanza kuona wenzake wanamkwepa hata macho. Hiyo pingu ya usiku inawapa dakika mbili za kelele tu, lakini hili benchi linaweza kuwabebea igizo zima.

Naelewa pingu zimetoka wapi. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilikuwa inaifanya kashfa kuwa jinai pia, ndo maana wazee wengi wakisikia kashfa wanaona na rumande humo humo. Ile ilifutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na hii nayo Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, Machi 2019, ikasema vifungu vyake kadhaa, vya kashfa vikiwemo, vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Mkitaka kuigiza enzi za zamani pingu ziwekeni, ila semeni wazi ni mwaka gani. Mkiigiza mdai anayetaka fidia na kuombwa radhi, ondoeni.

Sasa kesi inaanzaje? Inaanza na barua ya wakili. Ripota yuko chumba cha habari anakula chapati, bahasha inaletwa, ndani kuna siku kadhaa za kukanusha habari na kuomba radhi la sivyo mahakamani, na hapo ndipo mtu anageuka rangi. Halafu inakuja hati ya madai, halafu utetezi wa maandishi. Msiigize makaratasi yote hayo, pitisheni kwa sentensi moja.

Lakini kuna hatua moja naona karani wenu hajawaambia, au kawaambia mkaipuuza, nayo ndiyo ningeifanya moyo wa igizo. Ni usuluhishi. Tangu 1994 kesi za madai kwetu zinapelekwa kwanza kwenye usuluhishi kabla hazijasikilizwa. Pande mbili zinakaa na msuluhishi kwenye chumba cha kawaida, meza na viti, na linalosemwa mle ndani halitakiwi kwenda kutumika kama ushahidi kesi ikiendelea. Fikirieni jukwaani hiyo ina maana gani! Mwenyekiti anaweza kulegea mle ndani, akasema kweli hela ilichelewa, niliikopesha kwa mtu nikijua itarudi kabla ya malipo ya pili, naomba tumalize kiume. Watazamaji wamesikia, ripota kasikia, wakili kasikia. Usuluhishi unashindikana, wanaingia mahakamani, na hakuna ruhusa ya kuyasema yale maneno. Ripota amesimama anaulizwa ushahidi wako uko wapi, na ukumbi mzima unajua anachokijua ila jaji hajui na haruhusiwi kujua kwa njia ile. Hapo hata mama muuza karanga mlangoni ataacha kuuza.

Na hilo ndilo jambo lenyewe la kesi ya kashfa ya gazeti, mwalimu, kwamba kujua na kuthibitisha ni vitu viwili. Mdai kazi yake ni kuonyesha kwamba yale maneno yanamhusu yeye, kwamba yalisambazwa kwa watu wengine, na kwamba yanamshushia heshima machoni pa watu wenye akili zao. Akimaliza hapo mzigo unahama. Ripota akisema niliyoandika ni kweli, basi yeye ndo anatakiwa kuonyesha ni kweli, sio mwenyekiti aonyeshe ni uongo. Tena sheria ya 2016 ilipotungwa iliweka kwamba ukweli uambatane na manufaa ya umma. Kwa hiyo mpeni wakili wa mwenyekiti lile swali, hata tuseme ni kweli, umma wa Mtwara ulifaidika nini kujua mambo ya ndani ya chama? Na ripota awe na jibu linaloeleweka, yaani hela za mkulima ni jambo la umma kwa sababu bila hizo mtoto haendi shule na salfa ya kupulizia mikorosho msimu ujao hainunuliwi.

Sasa ushahidi. Skripti mliyonitumia ina shahidi mmoja tu, mzee analia kwamba hajalipwa. Kilio sio ushahidi. Nyie mko Mtwara, mnajua korosho inavyotembea kuliko mtu yeyote wa Dar. Mkulima anapeleka mzigo, unapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unaenda ghala kuu, unauzwa mnadani, makato yanatolewa, hela inaingia benki. Kila hatua ina karatasi na kila karatasi ina mtu aliyeisaini. Mleteni mkulima na stakabadhi yake ya kilo 400, halafu karatasi ya malipo inasoma kilo 360, muulizeni zile 40 zimeenda wapi. Wakili wa mwenyekiti anasimama kwenye maswali ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, anamuuliza taratibu bila kufoka, mzee korosho yako ilikuwa imekauka vizuri? Ulianika siku ngapi? Uliona mwenyewe mizani ikisoma? Unajua kusoma mizani? Mzee anaanza kutetereka ingawa anasema kweli. Hayo maumivu watazamaji wenu watayajua maana wengi yamewapata.

Au mleteni mtu wa kangomba. Yeye kaona mengi kwa sababu ananunua kwa siri mashambani nje ya mfumo, na kweli alimwona mwenyekiti akipakia magunia usiku. Lakini swali la kwanza la wakili litakuwa, wewe shughuli yako nini? Akijibu kweli anajiingiza matatani, akidanganya ushahidi wake umekufa. Shahidi wa namna hiyo ana thamani ya wazee kumi wanaolia.

Na mwenyekiti msimfanye kikaragosi. Kwenye skripti anacheka kicheko cha shetani mara tatu, futeni zote. Mpeni wakili hodari na mpeni uchungu wa kweli, siku gazeti lilipotoka watu waliacha kumwitikia salamu, msikitini alipokaa pakabaki nafasi mbili kulia na kushoto, binti yake shuleni akaitwa jina. Inawezekana kabisa mtu amekosa kidogo na gazeti likamuandika kama mwizi mkubwa, na jaji ikabidi alipime hilo. Kuna mstari ninaoupenda mmeuweka bila kujua thamani yake, pale ripota anapoandika "jitihada za kumpata mwenyekiti ziligonga mwamba". Wakili amuulize, ulipiga simu ngapi? Saa ngapi? Ulienda ofisini? Ofisi ya chama iko mita ngapi kutoka ulipokula chakula cha mchana siku ile? Na ripota ajibu ukweli, kwamba alipiga mara moja, saa mbili usiku, gazeti likiwa linaenda mtamboni. Kwa maoni yangu kesi yenu inageukia hapo, sio kwenye hotuba ya uhuru wa habari mliyoiweka mwisho, kurasa mbili na nusu. Nami uhuru huo naupenda na ninauhitaji kila siku ya kazi yangu, lakini mwandishi anaupoteza kwenye ile simu moja ya saa mbili usiku.

Kuhusu ushindi na kushangilia, sikatazi ripota ashinde. Ila ashinde kwa karatasi, na ashinde nusu. Jaji anaweza kukuta habari ilikuwa kweli kwenye kilo zilizopunjwa na sio kweli kwenye "amejenga nyumba kwa hela za wakulima", akaamuru fidia ndogo na kukanusha kile kipande. Katika madai jaji hatafuti uhakika usio na shaka kama kwenye kesi ya mauaji, anaangalia upande upi unaelekea zaidi kuwa kweli. Watu wakatoka ukumbini wanabishana hadi Magomeni.

Mama, mimi ndo naandika skripti ya hao wa juu. Mwenyekiti wa kweli wa chama kimoja huku kwetu kasikia habari za igizo, kasema siku tukionyesha atakuja na wakili. Tumembadilisha jina. Si inatosha? Kwani igizo nalo linaweza kuwa kashfa?
*Mikindani*

Linaweza, na jina peke yake halitoshi. Kinachoangaliwa ni kama watu wanaomfahamu wakitazama watasema huyu ni fulani. Ukibadilisha jina ukabakiza pikipiki yake nyekundu, anavyochechemea, kofia yake, na mke wa pili wa Msimbati, basi umemtaja.

Nikupe mifano miwili ya Uingereza, maana sheria yetu ya kashfa asili yake iko huko. Mwaka 1908 gazeti la Sunday Chronicle liliandika kituko cha kubuni kuhusu bwana Artemus Jones aliyekutwa Dieppe na mwanamke asiye mkewe. Gazeti likasema hatukumlenga mtu yeyote, jina tumelitunga. Kumbe yupo Artemus Jones wa kweli, wakili, rafiki zake wakasoma wakadhani ni yeye. Akashtaki, akapewa pauni 1,750, na mwaka 1910 mahakama ya juu kabisa ya huko ikaukubali uamuzi huo. Mfano wa pili ni wa 1934, binti mfalme wa ukoo wa Urusi, Irina Youssoupoff, aliishtaki kampuni ya MGM kwa sinema ya Rasputin. Kwenye sinema mhusika aliitwa Natasha, sio Irina, lakini mahakama ikaona watu walimtambua, akapata pauni 25,000. Ndo maana sinema zikaanza kuweka lile tangazo la kwamba wahusika ni wa kubuni. Na tangazo hilo mkilisoma mwanzoni ni vizuri ila haliwakingi kama kila mtu ukumbini anamnyooshea kidole mtu aliyekaa mstari wa mbele.

Najua utasema mama, mbona kwenye mapiko mtu anavaa kinyago anaiga watu na kuwasema na kijiji kinacheka? Ni kweli, na hiyo sanaa yetu Wamakonde na majirani zetu ni kubwa, nenda tamasha la MaKuYa uone Wamakonde, Wamakua na Wayao wanavyofanya kazi. Lakini kule anayeigwa mara nyingi ni tabia, mzungu mwenye kiburi, bwana mkubwa, mwanamke wa mjini. Fanya hivyo hivyo. Mwenyekiti wako mtoe kwa watu watano tofauti, mmoja sauti, mwingine woga, mwingine mapenzi yake kwa binti yake. Mhamishie kwenye zao na wilaya usizozitaja. Zaidi ya yote kosa lake lisiwe lile lile linalosemwa mtaani kwamba huyu wa kweli kafanya, kwa sababu kama mna ushahidi wa hilo pelekeni panapohusika, na kama hamna basi mnafanya kile kile alichofanya ripota wenu.

Sisi tuko Lindi. Tunataka kuigiza kesi ya John Peter Zenger wa New York ila tuihamishie Lindi ya leo. Je, wale watu 12 wa baraza tuwafanye nani? Na mawakili waongee Kiingereza kama kwenye sinema?
*Kikundi cha vijana, Lindi mjini*

Ibakizeni New York jamani, mwaka 1735, wakati bado koloni la Uingereza. Mkiihamisha inavunjika, kwa sababu uti wake wa mgongo ni hao watu 12, raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, na kesi ya kashfa kwetu haina watu 12, jaji au hakimu ndiye anayeamua. Wale wazee wa baraza mnaowafikiria walikuwa wanakaa kwenye kesi za jinai za Mahakama Kuu, tena wanatoa maoni tu.

Kwa wasioijua, Zenger alikuwa mchapaji mhamiaji kutoka Ujerumani, gazeti lake New-York Weekly Journal lilikuwa linamsema gavana William Cosby. Akakamatwa Novemba 1734, akakaa ndani hadi kesi Agosti 1735. Mawakili wake wawili wa kwanza walimpinga jaji wakafutwa uwakili. Akaja Andrew Hamilton, mzee kutoka Philadelphia, akasimama akakubali, ndiyo, mteja wangu alichapa. Ukumbi ukashtuka, maana kwa sheria ya wakati ule baraza lilitakiwa kuamua tu kama alichapa au hakuchapa, na ukweli haukuwa kinga. Hamilton akawageukia wale 12 akawaomba waamue wenyewe kama kusema kweli ni kosa. Wakamwachia.

Mtazame vitu viwili ambavyo watu wengi wanavipita. Zenger hakuwa mwandishi wa yale maneno mengi, aliyachapa, na miezi yote ya jela hakuwataja waandishi. Halafu Anna, mkewe, ndiye aliyeendelea kulitoa gazeti mume akiwa ndani, mumewe akiongea naye kupitia tundu la mlango. Kwenye kesi yenyewe Zenger karibu hasemi kitu, kwa hiyo mpeni nafasi huyo mama na mtambo wake, mwekeni upande mmoja wa jukwaa anachapa wakati upande wa pili mawakili wanabishana. Na wale 12 wachukueni kutoka kwa watazamaji, wakae kwenye mabenchi ya mbele, msiwaambie mapema wajibu nini.

Kiingereza hapana. Hata mkiamua kuigiza mahakama ya Tanzania, sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kiswahili cha wakili anayejua kazi kinatisha kuliko Kiingereza cha kukariri.

Shikamoo mama, mimi niko kidato cha tatu, nimepewa mke wa mwenyekiti, nina sentensi nne tu, halafu nakaa nyuma ya mahakama muda wote. Naona kama nimewekwa kujaza benchi. Nifanyeje?
*Shangani, Mtwara*

Marahaba mwanangu. Wewe una kazi ngumu kuliko wakili. Wakili anaongea, watu wanamsikiliza, basi. Wewe unasikia kwa mara ya kwanza mbele za watu kwamba mumeo alipakia magunia usiku, na unakumbuka usiku ule alikuambia yuko kikaoni Newala. Amua kabla ya mazoezi, ulijua au hukujua? Kama ulijua, kila shahidi akipanda unamtazama mumeo. Kama hukujua, unaacha kumtazama. Usiongeze vituko, usilie kwa sauti, mahakamani hairuhusiwi na jaji atakutoa nje. Na mwombe mwandishi wenu sentensi ya tano, muulizaji awe wewe, mkiwa nyumbani baada ya siku ya kwanza ya kesi. Umuulize mumeo swali moja ambalo wakili hakuliuliza. Mwandishi akikataa niandikie, nitamwandikia mimi.

Kibali tunachukua wapi na tuonyeshe mwezi gani?
*Wengi wenu mmeuliza*

Maigizo ya jukwaani yako chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kwa hiyo anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu, yeye atawaelekeza hatua zinazofuata za kibali na usajili wa kikundi. Nendeni na skripti nzima, sio muhtasari, na muende mapema kabla hamjabandika matangazo. Mwezi, msiguse Oktoba wala Novemba, mnada wa korosho ukishaanza hakuna atakayekuja mazoezini sembuse kutazama, na Januari mvua itawazuia kama mko nje. Mimi ningechagua Julai au Agosti, hali ya hewa nzuri, watu wana muda, na stori ya msimu uliopita bado inawauma. Mkishapata tarehe nitumieni niiweke kwenye ukurasa huu.